Cessna 172 ya mtumba hapa Dar: usinunue rangi, nunua daftari

Wengi wanaoniuliza kuhusu ndege yetu huanza na bei, halafu wanauliza saa. "Imeruka saa ngapi?" Wanauliza vilevile wanavyouliza kilomita za gari dukani kwangu mtaa wa Gerezani, ninakouza spea za Toyota. Kwa gari swali hilo lina uzito wake. Kwa ndege ndogo inayokuja kuishi Dar, mimi ningeuliza kwanza ilikuwa inalala wapi, na ililala muda gani bila kuruka.

Haya ni maoni yangu ya mnunuzi kuhusu Cessna 172M ya mwaka 1975. Tuliinunua watu watatu: mimi, daktari wa meno mwenye kliniki Upanga, na rubani mstaafu ambaye sote tunamwita Kapteni. Imeshapigwa na masika, imeshaonja jua la Januari, na tumeshalipa bili za kutosha kuwa na haki ya kusema. Naipa nyota nne kati ya tano. Nyota iliyokatwa haihusiani sana na ndege yenyewe, nitaifikia.

Kwa asiyeijua, 172 ndiyo ndege iliyotengenezwa kwa wingi kuliko nyingine yoyote duniani. Ilianza kuuzwa mwaka 1956 na hadi leo zimetoka zaidi ya 44,000. Toleo la M lilitengenezwa mwaka 1973 hadi 1976. Ina bawa juu, magurudumu matatu yasiyokunjwa, propela isiyobadili pembe, na injini ya Lycoming O-320-E2D ya silinda nne inayopozwa kwa hewa na kutoa nguvu farasi 150. Hakuna rejeta wala kompyuta. Fundi mwenye akili timamu anaweza kuona kila kitu kwa macho, na kwa mtu anayetafuta ndege kuukuu, hiyo ndiyo sifa ya kwanza.

Tulikagua mbili kabla ya kununua. Ya kwanza ilikuwa hapahapa pwani, uwanja siutaji. Kwa macho ilikuwa bibi harusi: rangi nyeupe mpya, mstari wa bluu, viti vimeshonwa upya, na daftari la injini likionyesha haijafikisha saa 300 tangu ifanyiwe ovahoo, yaani kufumuliwa na kuundwa upya. Dalali alisimama pembeni anazungusha funguo kidoleni. Daktari alikuwa tayari kulipa siku hiyohiyo.

Fundi wetu, mzee aliyezeeka na ndege hizi, hata injini hakuiangalia. Alilala chali chini ya bawa, akafungua kile kifuniko kidogo cha ukaguzi cha mviringo, akaingiza tochi na kioo cha mpini. Akaniita. "Mama, njoo uone mwenyewe." Ndani bati lilikuwa na unga mweupe, na pembezoni mwa riveti kadhaa kulikuwa na madoa meusi yanayovuta kuelekea nyuma, ishara kwamba riveti imelegea na inacheza. Tukaingia ndani, akanyanyua zulia chini ya kiti cha nyuma, akagusa ukingo wa bati kwa ncha ya bisibisi. Likafunguka tabaka kwa tabaka kama chapati. Dalali akasema hilo ni vumbi tu, likipulizwa na kompresa linaondoka. Mzee hakumjibu. Alifunga kifuniko chake, skrubu moja moja, akafuta mikono.

Mtu anayenunua ndege ya zama hizo aweke hili kichwani: Cessna nyingi za miaka ya 70 zilitoka kiwandani bila rangi ya kinga upande wa ndani wa bati. Kinga hiyo ilikuwepo, lakini ilikuwa ya kuagiza na kulipia zaidi, na mkulima wa Kansas hakuona sababu ya kuilipia. Ndege hiyohiyo ukiileta kwenye hewa ya chumvi, ukaiacha nje miaka kadhaa, inalika kutokea ndani huku nje ukiendelea kupuliza rangi. Mwenye pesa anapuliza rangi nzuri zaidi, basi.

Na zile saa 300 za injini ambazo dalali alizitaja kama sifa? Kapteni alinieleza jambo ambalo mimi, pamoja na miaka yangu yote ya kuuza kamshafti (ile shafti inayofungua valvu), sikuwa nimelijua. Kwenye injini hizi za Lycoming, kamshafti iko juu ya krenkishafti. Injini ikizimwa, oili yote inachuruzika kwenda chini, na kamshafti inabaki juu ikiwa na utando mwembamba tu wa mafuta. Ikikaa wiki na wiki kwenye unyevu wa Dar, inashika kutu vidoa vidoa. Siku ukija kuiwasha, tapeti zinapita juu ya vile vidoa na kuanza kuchubua chuma. Huwezi kuiona kamshafti bila kuipasua injini. Kwa hiyo injini iliyofanyiwa ovahoo miaka mingi nyuma na kuruka saa chache ni ya kuogopa kuliko iliyochakaa kwa kazi. Lycoming wenyewe wanaiwekea O-320 saa 2,000 kati ya ovahoo na ovahoo, au miaka 12, lolote litakalotangulia. Hiyo miaka 12 watu wanajifanya hawaioni.

Usidanganywe pia na mwenye ndege anayekwambia, "Naiwasha kila Jumamosi, naacha iungurume dakika kumi." Hiyo ni mbaya kuliko kuiacha. Dakika kumi chini haziichemshi oili kiasi cha kukausha unyevu, zinaongeza mvuke ndani ya injini halafu unaizima na kwenda zako. Dawa ni kuruka, saa nzima angani, oili ipate moto wa kweli.

Ya pili tuliikuta Nairobi, uwanja wa ndege wa Wilson, kwenye chuo cha urubani. Mbaya! Rangi imepauka, kiti cha mkufunzi kimechanika hadi sponji inaonekana, mlango wa kulia unafungwa kwa kubembelezwa. Saa za bodi, yaani saa zote ilizoruka tangu itengenezwe, zilishavuka 11,000. Daktari alitazama pembeni kama mtu aliyepelekwa kuona mchumba asiye wake. Lakini Wilson iko karibu mita 1,690 juu ya usawa wa bahari, mbali na chumvi, na ndege ile ilikuwa inaruka kila siku ya Mungu kwa sababu wanafunzi wamelipa ada. Mzee akaingiza tochi kwenye mabawa yote mawili. Bati lilikuwa kavu, la kijivu, na namba za kiwandani bado zinasomeka.

Halafu madaftari. Yalikuwa ndani ya boksi la karatasi za printa, yote, kuanzia ukurasa wa kwanza wa mwaka 1975. Kila oili iliyobadilishwa, kila silinda iliyovuliwa, sahihi na namba ya leseni ya aliyefanya. Mwanafunzi mmoja miaka ya 90 aliwahi kuitua kwa gurudumu la mbele ikakunja bati linalotenga injini na chumba cha abiria. Kwenye 172 za mafunzo hilo ni jeraha la kawaida kabisa, mzee alikuwa ameshaanza kulitafuta kabla hatujasoma. Tuliona kiraka, tukarudi kwenye daftari, tukakuta maelezo ya kiraka, mchoro uliofuatwa na aliyekagua. Ndege iliyoumia na kuandikwa ni salama kuliko isiyo na historia. Nilisoma madaftari yale kama ninavyosoma hesabu za wadeni wangu, na nikawaambia wenzangu tunachukua hii.

Ndege ya pwani daftari lake la kwanza "lilipotea kwenye mafuriko". Mafuriko yamesingiziwa mengi mji huu.

Kwenye makaratasi sitakaa sana. Ndege ikitoka Kenya inafutwa huko usajili wake, ule unaoanza na 5Y, inapata cheti cha kutolewa nje, inasafirishwa, ushuru TRA, halafu Mamlaka ya Usafiri wa Anga pale Banana wanaikagua kabla ya kuipa usajili wa Tanzania unaoanza na 5H na cheti cha kuruka. Jipangie muda mrefu kuliko utakaoambiwa na wakala, na usipange harusi ya mtu Zanzibar kwa kuitegemea. Kwa haki niseme: mkaguzi aliyetujia alikuwa mtu wa maana, alisoma madaftari mwenyewe, hakutazama rangi.

Baada ya hapo ndipo kazi yenyewe ilipoanza, na hapa ndipo watu wanapokosea bajeti. Bei ya kununua ni mlango tu. Cessna walitoa maelekezo ya ukaguzi wa ziada kwa ndege zao kuukuu, yanayokulazimu kufungua sehemu ambazo ukaguzi wa kila mwaka hauzifiki: mihimili ya mabawa, sehemu bawa linaposhikana na bodi, miguu ya magurudumu. Sisi tulivua viti, mazulia, dari na vifuniko vyote kwa mpigo. Ndege ikabaki mifupa pale kwenye hanga (banda la ndege) ya kupanga, karibu na Terminal One ya uwanja wa Dar, huku ndege za Caravan za abiria zikipita nje kwenda Zanzibar na Mafia. Tulipoona ndani kote kuko wazi, mzee akapuliza mafuta ya kuzuia kutu kila kona, yale yanayotambaa yenyewe kati ya bati na bati. Yanachuruzika miezi kupitia kila riveti, yanachafua nguo nyeupe, na vumbi linayapenda. Lakini kwa ndege ya Dar ningeyapuliza kabla hata ya kufikiria rangi. Hiyo ndiyo pesa tuliyotumia vizuri kuliko zote.

Reli za viti ziliniogopesha zaidi ya injini. Kiti cha rubani kwenye Cessna kinateleza juu ya reli mbili zenye matundu, na pini inaingia kwenye tundu kukishikilia. Miaka ikienda matundu yanalika na kuwa marefu kama yai, pini inashika nusunusu. Unapoongeza moto wa injini kupaa na pua inainuka, kiti kinaweza kuteleza nyuma na wewe ukiwa umeshika usukani, ukauvuta bila kutaka. Watu wamekufa kwa hilo, na ndiyo maana Marekani kuna agizo la lazima la kuzikagua reli hizo kila saa 100. Zetu matundu mawili yalikuwa yameshalika. Tukaweka reli mpya pande zote mbili. Kabla ya kila safari nakitikisa kiti mbele na nyuma kwa nguvu zangu zote, abiria wanacheka.

Injini. Kupima kompresheni ya ndege kunafanana na kwa gari ila kuna saa mbili za kupimia: unaingiza hewa ya pauni 80 kwenye silinda, na saa ya pili inakuonyesha kiasi kilichobaki ndani. Silinda tatu zilisoma zaidi ya 70. Namba tatu ilisoma hamsini na kitu. Hapo ndipo mzee aliponionyesha ufundi wake. "Mama, tega sikio." Hewa ikisikika kwenye mdomo wa kujazia oili, ni ringi. Ikisikika kwenye kabureta, ni valvu ya kuingizia. Yetu ilikuwa inafoka kwenye bomba la ekzosi, sssss, kwa hiyo valvu ya kutolea moshi. Silinda ikavuliwa, na valvu ilikuwa imeungua ukingo upande mmoja, rangi tofauti, kama ambavyo mzee alisema kabla hajaifungua. Uzuri wa injini hizi, silinda moja inavuliwa peke yake bila kushusha injini nzima. Ovahoo kamili ya injini hii leo, dola 30,000 si bei ya kushangaa, kwa hiyo silinda moja ni ahueni kubwa.

Sasa spea, maana hapa ndipo nina ugomvi. Gerezani mteja anashika kitu, anakipima uzito mkononi, anauliza ni orijino, mimi namwambia ukweli au simwambii, ni juu ya dini yangu. Kwenye ndege kitu bila karatasi si spea. Kila kipuri kinatembea na cheti chake, kile cha Marekani kinaitwa fomu 8130-3, chenye namba ya kipuri, namba yake binafsi na sahihi ya aliyekithibitisha. Karakana moja, nje ya tuliyokuwa tukiitumia, ilituletea magneto "mpya", kile kifaa kinachozipa plagi cheche, ndani ya boksi safi. Nikaomba karatasi.

"Karatasi inakuja, Mama."

"Basi na magneto ije nayo."

"Wewe si muuza spea? Mambo haya unayajua."

Ninayajua, na ndiyo maana nikaichukua ile magneto nikaenda nayo dirishani. Kibati cha namba kilikuwa na riveti mbili za aina mbili tofauti. Kilibanduliwa kutoka kwenye magneto nyingine. Nikamrudishia na boksi lake. Tuliagiza ya kweli, tukasubiri, bei ikauma. Injini ina magneto mbili ili moja ikifa nyingine ikufikishe chini, lakini sikuona sababu ya kupaa juu ya bahari na moja ambayo hata jina lake ni la kuazima.

Jambo jingine la injini hii wengi hawaambiwi. E2D ilibuniwa enzi za mafuta ya okteni 80, yenye madini ya risasi kidogo. Leo kinachopatikana ni avgas, petroli ya ndege, ya aina ya 100LL, na ingawa jina lake linadai risasi ni kidogo, kwa injini yenye mkandamizo mdogo kama hii ni nyingi. Risasi haiungui yote, inagandia kwenye plagi za chini. Tulizifungua tukakuta vijipunje vya kijivu vimejaza mwanya, vigumu, vya kung'olewa kwa kijiti cha chuma. Ukisikia injini inatetemeka wakati wa kujaribu magneto kabla ya kupaa, mara nyingi ni hivyo. Dawa ni kupunguza mafuta kwenye mchanganyiko wa mafuta na hewa mara tu injini ikiwaka, na kuendelea hivyo muda wote unaotembea ardhini, kisha kurudisha kabla ya kupaa. Tangu tuanze hivyo plagi zinatoka safi.

Kuna wajanja wanaonong'ona kwamba petroli ya sheli inafaa. Ni kweli Marekani kuna vibali maalumu vinavyoruhusu injini hii kutumia petroli ya gari isiyo na ethanoli. Kibali ni cha ndege husika, kinaandikwa kwenye daftari lake. Mimi sina, na kwa joto la Dar sitaki kujifunza habari za mafuta kugeuka mvuke ndani ya bomba nikiwa futi 400 juu ya Kipawa.

Vifaa vya dashibodi nitapita haraka. Tulibakiza saa za kupimia za zamani zinazofanya kazi, tukang'oa redio mbovu na kifaa cha kutafuta mawimbi ya AM ambacho hakuna aliyekumbuka mara ya mwisho kimetumika, tukaweka redio mpya, transponda ya kutuonyesha kwenye rada, na kile kifaa cha kutuma ishara ya dharura cha 406 MHz, maana satelaiti ziliacha kusikiliza mawimbi ya zamani ya 121.5 tangu Februari 2009. Uzito uliotoka ulizidi ulioingia. Daktari alitaka skrini kubwa za rangi. Kapteni akamwambia, "Daktari, kwanza ujue kuitua."

Kuhusu kuruka kwenyewe, ni ndege ya kusamehe. Inapaa yenyewe ukiipa muda, inatua yenyewe ukiacha kuisumbua. Kutoka barabara ya kurukia ndege ya Dar, ambayo ipo karibu usawa wa bahari na ina urefu wa kilomita 3, haikutishi hata mchana wa Februari. Inatembea karibu kilomita 200 kwa saa na kunywa lita 30 hadi 33 kwa saa hiyo. Kelele ni nyingi, usiende bila vifaa vizuri vya masikioni. Dirisha linafunguka angani, raha ambayo ndege nyingi mpya za bei mara kumi hazina.

Ina viti vinne, lakini usiwaahidi watu wanne. Uzito wake wa juu kabisa ni kilo 1,043. Ukitoa uzito wa ndege na matangi yakijaa, kinachobaki ni watu watatu wa wastani na begi dogo. Sisi watatu si wa wastani, tunakula pilau ya Ijumaa, kwa hiyo tukienda pamoja tunapunguza mafuta. Tulipoipeleka Arusha, karibu mita 1,390 juu, ilipanda taratibu hadi Kapteni akaanza kuhadithia habari za zamani ili nisitazame saa ya kimo. Huko unalazimika kupunguza mafuta kwenye mchanganyiko kabla ya kupaa, la sivyo injini inazama kwenye mafuta na nguvu hazitoki.

Na hewa yetu hii ya mvuke ina hila ambayo marubani waliofundishwa kwenye hewa kavu hawaitarajii: barafu ndani ya kabureta. Mafuta yakigeuka mvuke ndani ya koo la kabureta yanapoza hewa vibaya sana, na kwa unyevu wa Dar barafu inaweza kuganda hata nje kukiwa nyuzi joto 25. Unashuka kuelekea Zanzibar, moto umepunguza, injini inaanza kukohoa. Vuta kifundo cha hewa ya moto mapema, kabla ya kupunguza moto. Nilifundishwa Wilson na nililijua kwa kitabu tu, hapa nalifanya kila safari. Kwenda Unguja pia tunavaa jaketi za kuokolea tangu ardhini, si kuziweka chini ya kiti. Injini ikizima, 172 inaelea kama kilomita 2 na nusu kwa kila futi 1,000 za kimo, na mlango wa bahari ule una sehemu ambapo hesabu hiyo haikufikishi ufukwe wowote. Tunapanda juu tunavyoruhusiwa, basi.

Nyota iliyokatwa ni ya mazingira. Ndege ya petroli hapa Dar ni mtoto wa kambo. Ndege nyingi za biashara zinakunywa mafuta ya jeti, kwa hiyo viwanja vingi vya mikoani vina jeti au havina kitu, na safari yoyote ndefu unaipanga kwa kufuata avgas badala ya kufuata unakotaka kwenda. Nafasi ya kulaza ndege ndani ya hanga ni adimu na ghali. Yetu inalala nje wakati mwingi, chini ya turubai tulilomshonesha fundi wa maturubai Kariakoo, aliyekuja kupima mwenyewe kwa kamba na kuniuliza mara mbili kama kweli nimesema ndege.

Ukilaza nje, nyigu ni adui namba moja. Wanajenga udongo ndani ya kile kibomba cha bawani kinachopima mwendo, usiku mmoja unawatosha. Mwaka 1996 Boeing 757 ilianguka Jamhuri ya Dominika na kuua watu 189 baada ya kibomba kama hicho kuziba, na wachunguzi waliwashuku nyigu. Ziba kila tundu kwa vifuniko vyenye utepe mwekundu, na matundu ya kupumulia ya matangi usiyasahau. Mipira ya vifuniko vya mafuta pia inakauka kwa jua na kupasuka, kisha masika inaingia ndani ya tangi. Kila asubuhi tunachota mafuta kutoka chini ya tangi kwa kikombe cha kioo. Maji yanakaa chini, yanaonekana kama lulu. Baada ya kubadili mipira hatujayaona tena, lakini kikombe hakiachwi nyumbani.

Kwa hiyo nani anunue? Mtu anayeruka kila wiki, au watu watatu wanne watakaohakikisha kila wiki mmoja wao anaruka. Sisi tuna ratiba kwenye simu, na anayeruka zamu yake bila kufikisha saa nzima anachangia oili. Oili tunamwaga kila saa 25, maana injini yetu bado ina chujio la wavu la zamani, na mzee analiosha juu ya karatasi nyeupe akitafuta vumbi la chuma kwa sumaku. Mtu anayetaka ndege ya kupiga picha na kuiacha mpaka Idi nyingine aende akapande za abiria, atapata kahawa pia.

Bado gurudumu la mbele linatetemeka wakati wa kutua, ugonjwa wa ukoo wa 172 wote, na kile kidhibiti chake kinahitaji mipira mipya ambayo iko njiani. Rangi haijapulizwa. Daktari anataka nyekundu na dhahabu na ameshachora. Hela ya rangi ipo, ila silinda namba moja ilipopimwa mara ya mwisho imeshuka kidogo, kwa hiyo mimi na Kapteni tumepiga kura.